Utulivu wa Siku ya Wageni

"Pandisha mpaka mwisho, mimi ndiye mkuu wa hii—"

"Madam, nikipandisha zaidi ya hapa—"

"—shule, na nina watoto mia tatu na kitu mle bwaloni ambao hawali, hawalali—"

"—watazimia, Madam, hebu nisikilize, wataanguka mmoja baada ya—"

"Basi wazimie! Mtu akizimia si anaacha kucheka?"

Maneno hayo yalimtoka Madam Kokuhirwa kwa sauti ya paredi, yakagonga bati la stoo, yakarudi, naye mwenyewe akayasikia. Akanyamaza. Nyamwiza, fundi aliyekuwa akibishana naye, naye akanyamaza. Katikati ya ukimya wao kikaingia kicheko kutoka bwaloni, kicheko cha wasichana wengi kwa pamoja. Kinapanda, kinakatika katikati, kinaanza upya, kama injini yenye betri mbovu.

"Chai ipo," alisema Deusi.

Deusi alikuwa amekaa juu ya gunia la maharage, kikombe mkononi. Alikuwa fundi mwenzake Nyamwiza, pande la mtu, aliyeacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, chuo kilikuwa kinamchelewesha kula.

"Ina tangawizi. Kama ni kugombana, gombaneni mkiwa na kitu tumboni."



Stoo yenyewe ilikuwa nyuma ya jiko la shule. Ndani kulikuwa na magunia, madumu ya mafuta, na mtambo mama, boksi la kijivu lenye ukubwa wa friji ndogo, ambalo metroni alikuwa ameanika kitenge chake juu yake kwa sababu linatoa joto zuri. Boksi hilo ndilo lililokuwa linazungumza na vidoti. Kila msichana wa shule hii ya Rwanyamiti alikuwa na kidoti chake nyuma ya sikio, cheusi, kama mahali alipoumwa na mbu. Kidoti kinasikiliza moyo, pumzi na jasho. Hofu ikianza kupanda, au hasira, au mchecheto wowote ule, kinautekenya mshipa mmoja wa shingoni, na mtu anarudi chini taratibu bila hata kujua kwamba alikuwa ameanza kwenda mahali. Sheria ilitaka kila shule ya bweni iwe navyo, tangu ile miaka ambayo wanafunzi walikuwa wanaanguka na kupiga mayowe madarasani, wazazi wanaleta waombezi, waombezi wanafukuzana na waganga getini, na shule zinafungwa moja baada ya nyingine.

Tangu vidoti vije Rwanyamiti, hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyelia. Hakuna, ukiangalia vizuri, aliyefanya chochote. Mpaka wiki iliyopita, msichana mmoja alipocheka paredi na wenzake wakadakia.

"Utaratibu mnaujua nyie kuliko mimi," alisema Madam, safari hii kwa sauti ya chini. Alikuwa mama mrefu, mkavu, kilemba amekifunga utadhani anakwenda vitani. "Mnatafuta mbegu, yaani yule aliyeanza. Mnamtoa. Waliobaki wanapoa. Mbegu mmeipata, ni Asimwe. Tranka lake limefungwa, gari liko pale nje. Akishaondoka unapandisha mtambo, wanalala, wakiamka yamekwisha. Kidole changu hiki hapa."

Akanyoosha kidole gumba. Mtambo mama haukubali mabadiliko makubwa bila vidole viwili, cha fundi na cha mkuu wa shule. Aliyeubuni ama aliwaogopa mafundi, ama aliwaogopa walimu.

"Asimwe ana mtihani wa kidato cha sita wiki ijayo," alisema Nyamwiza.

"Najua. Mimi ndiye ninayemfundisha Kemia."

"Na mtoto aliyeandikwa mbegu hapokelewi shule wala chuo chochote chenye vidoti. Maana yake hapokelewi popote."

"Hilo nalo nalijua." Madam akakirudisha kidole chake. "Una mpaka mchana, binti yangu. Chakula kikishaliwa dereva anaondoka naye, na mimi nawapigia wakubwa wako waniletee fundi mwenye kidole chepesi."

Akatoka. Deusi akamtazama Nyamwiza, akasukuma kikombe cha pili upande wake.

"Kunywa," alisema. "Mama huyu hatanii."

*

Chumba cha wagonjwa kilikuwa na vitanda vinne na msichana mmoja. Asimwe alikuwa amekaa juu ya tranka lake la bati, siyo kitandani, kama mtu anayesubiri basi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe ndiye Asimwe?"

"Ndiye mimi mbegu."

Akacheka. Kicheko kilimpiga ghafla kama kwikwi, kikakatika, kikampiga tena. Akajishika mbavu, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti. Nyamwiza alimsubiri. Alipoinuka, macho yake yalikuwa makavu kabisa. Nyamwiza aliwahi kuona watu wanaocheka mpaka wanalia; huyu alikuwa anacheka kama mtu anayetapika na tumbo halina kitu.

Akawasha kishikwambi chake, akatafuta kidoti cha Asimwe. Mstari mwembamba ukatokea. Ukiwa chini kwenye kijani, mtu ametulia. Ukipanda kwenye njano, kidoti kinaanza kazi. Nyekundu ni hatari.

Halafu akatoa karatasi mfukoni, akaifungua. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na asubuhi ile njia panda yote ya kuja shuleni ilikuwa inanukia senene wa kukaanga.

"Unakula?"

Asimwe akachungulia. "Wametiwa kitunguu?"

"Nadhani."

"Bibi yangu angekufukuza, dada. Senene ana mafuta yake mwenyewe, kitunguu cha nini?" Lakini alichukua. Akachukua tena. Akaegemea ukuta, mabega yakashuka, pumzi ikawa ndefu, akafumba macho akitafuna. Ndiyo kwanza Nyamwiza anamwona anafanana na mtu aliyepumzika.

Kwenye kioo, mstari ulikuwa umepanda kwenye njano.

Kidoti kikafanya kazi yake. Mabega ya Asimwe yakarudi juu, mgongo ukanyooka, mikono ikakaa juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mstari ukashuka, ukawa kijani.

Nyamwiza alikipiga kishikwambi kofi dogo, kama unavyopiga redio ya zamani. Wapi. Wakati anakitazama, Madam Kokuhirwa akapita nje ya dirisha. Asimwe alisukuma karatasi ya senene chini ya mto wa kitanda cha karibu, akabana pumzi, macho yakaganda ukutani, viganja vikalowa. Mstari ukashuka zaidi. Ukalala chini kabisa, kijani kibichi, umenyooka kama rula.

Madam akapita. Nyamwiza alikuwa bado anaangalia rula ile.

"Asimwe," alisema, "siku ile paredi, ulicheka nini?"

"Walimu wote wameniuliza hivyo. Ila wao huwa wanauliza huku wanatafuta fimbo." Akatabasamu, tabasamu likakatwa. "Senene, dada. Alitua kwenye kilemba cha Madam. Mkubwa, wa kijani. Madam anaongea mambo ya nidhamu, senene naye kule juu anajisafisha masharubu. Nikasema moyoni, bibi angekuwepo hapa angemnyakua palepale, angemng'oa mabawa, angemfunga kwenye pindo la kanga, hata kama kilemba ni cha askofu. Bibi alikuwa…"

Kwenye kioo, kitu kikaanza kupanda. Hakikuruka kama kicheko. Kilipanda polepole kutoka chini kabisa, kizito, kipana, kama maziwa yanavyoinuka jikoni. Kidoti kikakiwahi. Kikakisukuma chini, na kilipojaribu tena, kikakisukuma tena. Uso wa Asimwe ukawa mtupu kama ubao uliofutwa.

"Alifariki muhula uliopita," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya masomo. "Niliitwa ofisini nikaambiwa. Nikasema asante Madam. Tulikuwa na kipindi, nikarudi darasani."

"Hukwenda kuzika?"

"Hapana."

"Na shule haikwenda? Hawakupeleka wawakilishi?"

"Metroni anasema zamani walikuwa wanakwenda. Mwanafunzi akifiwa gari linajaa. Mkuu anakaa mbele, wanafunzi nyuma, wanabeba mkungu wa ndizi na sukari, wanaimba njia nzima mpaka msibani." Akainua mabega. "Siku hizi hakuna haja. Mtu akifiwa anakuwa sawa tu. Gari linabeba unga. Na leo mimi."

Kicheko kikampiga tena.

*

"Nani alipima utulivu wa shule hii?"

Nyamwiza alimkuta Deusi amehamia jikoni, ameshika sahani. Aliacha kutafuna. Swali hilo mafundi hawaulizani mara nyingi.

Mtambo mama hautoki kiwandani na utulivu wake. Moyo wa msichana wa milimani haupigi kama wa msichana wa pwani. Kuna baridi, kuna mwinuko, kuna chakula. Kwa hiyo mtambo ukifika shuleni ni lazima ufundishwe kwanza. Mafundi wanakuja, wanawarekodi wanafunzi wakiwa wametulia, wanauambia mtambo: umeona hali hii? Kila wakitoka hapa, warudishe hapa. Kazi ya siku moja. Baada ya hapo mtambo hauulizi tena.

"Kampuni ilipima," alisema Deusi. "Hata mimi nilikuwepo. Nilibeba nyaya."

"Na shule ilijua mnakuja?"

"Si tuliwapigia simu? Wiki nzima kabla. Huwezi kwenda kwa watu bila taarifa, Nyamwiza, ni utovu wa adabu."

"Na wao wakafanya nini?"

"Walifanya kile ambacho shule yoyote hufanya ukiiambia wageni wanakuja." Deusi akaanza kucheka kwa kukumbuka. "Mawe ya bustani yalikuwa yamepakwa chokaa mpaka yanaumiza macho. Sakafu unajiona. Watoto walikuwa wamefanyishwa mazoezi ya kusema shikamooni wageni wetu mpaka sauti zimekauka. Tuliwakuta bwaloni, wamekaa mistari, mikono juu ya magoti, hakuna anayekohoa. Metroni yuko mlangoni, fimbo kaificha nyuma ya mgongo lakini inachungulia. Nikamwambia bosi, aisee, hawa watoto wametulia! Tukapima palepale. Halafu tukala ku…"

Neno la kuku lilimkwama. Sahani akaiweka chini polepole, kitu ambacho Nyamwiza hakuwahi kumwona akikifanya kabla haijaisha.

"Mama yangu," alisema Deusi. "Tuliufundisha hofu."

"Mkauambia ndio utulivu."

"Miaka mitatu kila wakipumzika unawarudisha siku ya wageni."

"Kila wakipumzika, kila wakitaka kulia, kila wakikasirika. Kilio kinapanda taratibu, kidoti kinakiwahi. Kicheko kinaruka, hakikupi nafasi. Ndilo tundu pekee lililobaki. Mmoja akalipata, wengine wote wakapita hapohapo. Na hakiishi kwa sababu kidoti kinakikata katikati. Hakuna aliyemaliza kucheka hata mara moja, Deusi. Wanaanza tu."

Deusi alijifuta mikono kwenye suruali. Mambo haya aliyapenda toka chuo, na pengine ndiyo yaliyomharibia chuo. Alikuwa akisoma habari za watu waliopagawa kwa makundi wakati wenzake wanasoma za mtihani. Alimkumbusha Nyamwiza wale wa mji wa Strasbourg, kule Ulaya, karne tano na zaidi zilizopita, walioanza kucheza barabarani na wakashindwa kuacha. Wengine walisema ni laana ya mtakatifu, wengine baadaye wakasema ni ukungu kwenye mkate, na ukungu gani huo unaojua kucheza siku nyingi hivyo? Njaa ilikuwa imewapiga, magonjwa yamewapiga. Na hawa wa karibu, wa huku huku Kagera, wasichana wa Kashasha mwaka wa sitini na mbili. Walianza watatu kucheka. Shule ikafungwa, kicheko kikaenda nao nyumbani, kikazunguka vijijini miezi na miezi.

"Walipima damu, hola. Walipima chakula, hola," alisema Deusi. "Waliokuja kuchunguza baadaye ndio wakasema, jamani, hawa watoto walibanwa. Shule inawataka hivi, nyumbani wanawataka vile, nchi nzima imepata uhuru juzi na kila mtu anawategemea. Mtoto hana pa kusemea. Sasa afanye nini? Ila kusema kweli hata hao wanakisia tu. Hakuna anayejua kwa hakika."

"Ndicho kinachonitisha."

"Kipi?"

"Kwamba hakuna anayejua." Nyamwiza alikuwa anaangalia mlango wa bwalo. "Nikipandisha, watazimia, na wakiamka watakuwa wamenyamaza. Hakuna atakayeumia. Watarudi siku ya wageni na watakaa huko, na hakuna atakayejua kwamba tuliwafanya kitu. Nikishusha, vitu vyote walivyovizuia miaka mitatu vinatoka kwa mpigo. Wanaweza kukanyagana. Kinaweza kwenda miezi, kama kile. Na hapo kila mtu atajua ni nani alifanya."

"Na ukimwacha Asimwe aende?"

"Nitakuwa nimemfukuza mtoto wa watu kwa kosa la kuku wenu."



*

Madam Kokuhirwa aliwakuta kwenye ngazi za bwalo. Ndani, wasichana walikuwa wamejilaza kwenye mabenchi na sakafuni, wengine wamelaliana, na kicheko kilikuwa kinatembea juu yao kama upepo kwenye shamba la mahindi.

"Umeamua?"

"Bado. Nakuomba ushike hiki, Madam." Nyamwiza akampa kishikwambi. Mistari ya shule nzima ilikuwa imejazana pale, njano na nyekundu, inaparuana. "Sasa ingia."

"Nikiingia watanyamaza. Kila mtu anajua hilo." Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama mtu anayetaja urefu wake.

Akaingia. Kicheko kilikatika safu baada ya safu. Waliolala wakainuka, waliolaliana wakaachana, mikono ikarudi magotini. Mistari ikaporomoka yote. Kioo kizima kikawa kijani, hakina hata kikwaruzo.

"Umeona?" alisema Madam.

"Nimeona. Mshike mmoja mkono."

Madam akamtazama kama aliyeombwa kupanda mti. Halafu akainama, akachukua mkono wa msichana wa kidato cha tano aliyekuwa karibu. Akaushika muda mrefu kuliko alivyokusudia. Akauachia, akashika wa aliyefuata. Mikono ilikuwa ya baridi, imelowa, na ndani kwa ndani ilikuwa inatetemeka kama vifaranga. Kioo kikasema kijani.

Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nyamwiza hakuwa amewahi kumwona mkuu wa shule akikaa chini. Akamweleza yote, simu ya wiki moja kabla, chokaa, fimbo ya metroni, kuku. Deusi alisimama pembeni, kichwa chini, akikitikisa kila panapotajwa kuku.

"Mawe niliyapaka chokaa mimi mwenyewe," alisema Madam mwishoni. "Metroni hakuwa anafika vizuri kwenye pembe." Akaangalia bwalo. "Nilidhani wananiheshimu."

Kicheko kilikuwa kimeanza tena ndani, taratibu, kama kinapima kama ameenda mbali.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Jovina," alisema. "Tulikuwa shule moja, yeye yuko kidato cha kwanza. Jioni moja walianza watatu kupiga kelele eti kuna mtu dirishani. Hakukuwa na mtu. Bweni zima likakimbilia mlango mmoja, na mlango wenyewe unafungukia ndani." Aliangalia viganja vyake. "Kwa hiyo usiniambie mimi habari za kushusha, binti yangu, kama unaniambia habari za redio. Mimi hivi vidoti niliviomba kabla ya sheria."

Nyamwiza akakaa kando yake. "Siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayeumia."

"Ungeniahidi ningekufukuza."

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya maharage. Dereva wa gari la shule alikuwa ameegemea boneti, anachokonoa meno.

"Mtashusha polepole," alisema Madam.

"Kama kufungua bomba."

"Na milango itolewe."

"Tumeshaifungua, Mama Mkuu," alisema Deusi.

"Sikusema ifunguliwe. Mlango uliofunguliwa mtu anaweza kuufunga. Nimesema itolewe."

Deusi akaenda kuchukua bisibisi na nyundo. Aliitoa milango yote ya bwalo, mmoja baada ya mwingine, akaibeba mgongoni na kuilaza kwenye nyasi. Wapishi wawili wakaja kukaa juu ya mmojawapo, wakaendelea kuchambua mchicha.

Madam hakuingia bwaloni. Nyamwiza alimwomba akae stoo, asionekane, naye akakubali bila neno. Akasimama mbele ya mtambo mama, akakiondoa kitenge cha metroni, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye gunia. Akaweka kidole chake. Nyamwiza akaweka chake.

Mwanzoni hakukuwa na tofauti. Halafu kicheko kikapanda, na pale palipokuwa pakikatika kila siku, hakikukatika. Kikaendelea kwenda. Kikawa kikubwa hadi masufuria jikoni yakaitikia, na Madam akashika ukingo wa mtambo kwa mikono yote miwili. Nyamwiza aliendelea kufungua, kidogo, kidogo tena. Kisha kicheko kikafanya kitu ambacho hakikuwa kimefanya tangu kianze. Kikaisha.

Kikafuata kimya kifupi, cha watu wanaovuta pumzi. Halafu mmoja akaanza kulia, na bwalo zima likamfuata.

Hawakukanyagana. Wengine walitoka mbio kupitia pale palipokuwa na milango, wakazunguka mlingoti wa bendera, wakarudi wenyewe. Watatu walianguka, wapishi wakawalaza juu ya milango na kuwapepea kwa mchicha. Mmoja alitapika. Wawili walikuwa wamekamatana kola karibu na dirisha, mmoja anapiga kelele, "Ni wewe uliyeniibia ndoo yangu! Nilijua! Nilijua toka siku ile nikawa nashindwa kukasirika!" Metroni alikwenda kuamulia, akaishia kukumbatiwa na wote wawili.

Jua lilipoanza kulegea, kulia kukawa kumegeuka maongezi, na maongezi yakawa makelele. Watu wanaitana, wanabishana, mtu anaimba vibaya. Deusi alikuwa ameketi kwenye ngazi na sahani mpya.

"Sikia," alimwambia Nyamwiza. "Hii sasa ni shule."

Kishikwambi kilikuwa mapajani mwa Nyamwiza, kinamwonyesha nyekundu na njano kila mahali. Akakizima. Kesho ingebidi wavitoe vidoti kimoja kimoja, na keshokutwa kujieleza kwa wakubwa, na hakujua kama usiku ungepita salama. Madam alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amevua kilemba, amekishika mkononi, na nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko walivyodhani.

Asimwe akatokea kwenye kona ya chumba cha wagonjwa. Uso wake ulikuwa umevimba, macho mekundu, pua inavuja, na alikuwa analikokota lile tranka kuelekea kwenye gari.

"We mtoto!" Nyamwiza akainuka. "Rudisha tranka. Huendi popote, una mtihani."

"Nimelifuta jina lako," alisema Madam. Sauti ilimtoka kwa shida. "Hakuna mbegu. Rudi bwenini mwanangu, ukapumzike."

Asimwe hakurudi. Alilivuta tranka mpaka miguuni mwa Madam, akapiga magoti, akafungua komeo. Hakukuwa na nguo ndani. Kulikuwa na nusu mkungu wa ndizi, unaonekana kabisa kwamba umetoka jikoni, na vifuko vidogo vidogo vya sukari, vingine vya nailoni, vingine vya karatasi za daftari, vimekusanywa bweni kwa bweni. Nyuma yake, wasichana wachache walikuwa wameanza kusogea, wakijifuta nyuso kwa vitambaa vya kichwa.

"Shikamoo Madam," alisema Asimwe. "Naomba dereva asiondoke. Bibi yangu najua alishazikwa. Lakini shule haikuja." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ukae mbele wewe. Sisi tutakaa nyuma, tuimbe."